Mvua Niliyoipima Kitandani

Jumatatu, 6 Januari

Miguu imegoma tena. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisihangaike. Sihangaiki. Tangu kabla ya Krismasi napima mvua ya kijiji chetu cha Pito nikiwa kitandani. Mungu anisamehe, ila daktari ndiye aliyekataza nisitoke.

Njia yenyewe ni hii, na naiandika kwa sababu sitaki kufa nayo. Nasikiliza bati. Likilia sana, nakisia. Nikiwa nimelala fofofo, naandika 990. Kwetu sisi wapimaji wa zamani hiyo si milimita 990. Ni alama tu: manyunyu yalipita, yakalowesha majani, hayapimiki. Uongo mtamu kuliko wote! Nani atathibitisha kwamba manyunyu hayakupita?

Leo pia nimetuma 990. Kwa simu, maana tangu mwaka mpya karatasi zimefutwa. Asajile, kijana wa Mbeya anayekusanya vipimo mjini Sumbawanga, alitufundisha mfumo mpya semina nzima. Niliitikia kwa kichwa kuliko wote. Nilikuwa nasinzia.

Jumanne, 7 Januari

Asajile kapiga. Shikamoo nyingi, kisha akauliza kama nyumba yangu bado ipo au imeelea mpaka Zambia. Kompyuta inasema Pito imepata karibu mita nzima ya maji kwa usiku mmoja. Mfumo mpya haujui alama zetu. Kila namba ni milimita. Umeikataa.

Ukweli ni rahisi kuusema: nimetumia alama ya zamani. Lakini atajua sikuelewa semina, na kipima mvua kitahamia kwa jirani yangu Felisian, anayekitamani tangu ujana, na ambaye hupima mvua kwa kopo la mafuta ya kupikia. Kopo!

Asajile mwenyewe, kwa upole wake, akanifungulia mlango: au mzee wangu umesahau nukta, ni 99.0? Nikaurukia. Nukta! Ndiyo, mwanangu, nukta! Macho ya uzee! Akashukuru. Kompyuta ikaipokea bila neno.

Nilijiona mjanja mpaka chakula cha jioni.

Jumatano, 8 Januari

Modesta, binti yangu, kapiga kutoka Mtowisa, bondeni. Mtendaji kapita na kipaza sauti: huku juu Ufipa imenyesha mvua ya kutisha, maji yanashuka, wanaolima kando ya mto wahame kabla ya Ijumaa mchana. Majirani walibisha, jua linawaka. Modesta akawaambia namba imetoka Pito, ile ni mvua ya baba yangu, na baba yangu hajawahi kukosea. Wakaacha kubisha.

Wanauacha mpunga walioupandikiza wiki hii. Ng'ombe wanapandishwa mlimani kwa njia ile ya kokoto! Mumewe ameshaanza kuezua bati.

Nilitaka kusema. Mdomo ukasema vaeni makoti, huku juu kuna baridi.

Mchana, pigo jingine. Asajile anakuja kesho kujionea. Nikamwomba dada yangu Bertilla amwage ndoo za maji uani, palowe. Akauliza kama nataka kufuga kambare katika uzee huu. Akamwaga hata hivyo, huku akinisema kwa Kifipa. Felisian akachungulia juu ya ua. Ulezi wake unakauka, akasema, na sisi tunamwagilia mchanga. Kama kuna maji yanayobaki, tumrushie na yeye.

Sijalala.

Alhamisi, 9 Januari

Asajile kafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Pito nzima kavu. Tope kwangu tu. Felisian kaja bila kuitwa, na kopo lake. Ndani yake buibui katanda utando. Akasema labda mvua ya mzee Zenon ina adabu, hainyeshi kwa mtu bila hodi.

Asajile hakucheka. Akainamia kipima mvua changu. Buibui. Mkubwa kuliko wa kopo.

Nikazimia. Kwa hiari.

Bertilla akapiga yowe, Padri akaletwa. Nikaona nafasi! Nitaungama yote hapahapa kwa siri: Mungu ajue, Asajile asijue. Padri akasikiliza mpaka mwisho. Akaninong'oneza kwamba Mungu amesikia, lakini anayehama bondeni si Mungu. Nimpigie binti yangu.

Hapo kifua kikabana kweli. Nikamwita Bertilla, nikamwambia sasa siigizi. Akasema nyamaza, utatuchanganya.

Ijumaa, 10 Januari

Alfajiri nimempigia Modesta. Nilisema yote, hata la kitanda. Akasema usiku ndama wawili wameteleza korongoni. Sasa itabidi apite nyumba kwa nyumba, atamke kwa kinywa chake kwamba baba yake ni mwongo, ili watu warudi kuokoa mpunga. Hakuniaga.

Asajile naye nimemwambia. Hakufoka, afadhali angefoka. Kafuta tahadhari. Kipima mvua kimevuka ua. Felisian alikibeba kama mtoto wa kubatizwa.

Nimeapa mbele ya msalaba: sitaandika tena namba ambayo sikuiona.

Jumapili, 12 Januari

Asajile kapiga tena, mpole vilevile. Anasafisha takwimu za nyuma, kanitumia orodha kwenye simu niijaze upya. Siku ambazo sikupima niziache wazi. Wazi si dhambi, mfumo unajua kuisoma.

Nikaanza vizuri. Siku ya kwanza wazi. Ya pili wazi. Ya tatu. Nikatazama: nafasi tupu zimefuatana kama makaburi, na juu yake jina langu. Hofu ikanishika. Nikifa, hicho ndicho kitakachobaki?

Nikairudia ya kwanza, nikaweka 4.6. Mvua ya kiungwana. Ya pili, 11.2. Zikapendeza! Krismasi nikaipa 0.0, watu waende kanisani wakavu. Nukta zote mahali pake. Hapo hakuna wa kunilaumu, somo nimelielewa. Nimejaza zote. Nimetuma.

Haikupita saa, Asajile kajibu. Anafurahi kwamba mzee wake sasa amekuwa mkweli. Ameshazipeleka Mtowisa, wakulima wajue kama mto una maji ya kutosha wapandikize upya. Modesta alimwuliza mara mbili kama safari hii ni za kweli. Akamwambia ndiyo. Basi, akasema Modesta, leo wanaingia shambani.

Nimezima simu. Nimejifunika shuka mpaka kichwani.