Banda Lisilokuwepo na Swali la Kumi na Nne

Halmstrup, 6 Machi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Kujenga na Kubomoa,
Manispaa ya Halmstrup.

Mheshimiwa Mkuu,

Baada ya salamu na heshima zinazoistahili ofisi yako, naomba radhi kwa kukuletea karatasi. Najua siku hizi mnapokea maneno ya watu kwa skrini tu, na posta yenyewe imeacha kubeba barua. Hii inaletwa kwa baiskeli na binti yangu Dorte, mwenye miaka sitini, ambaye anasema ni mazoezi.

Naitwa Verner Tolstrup. Nina miaka themanini na tisa, ni mhandisi mstaafu, na ninakufa. Silisemi hili la mwisho ili nihurumiwe, bali ili tuelewane kuhusu ratiba. Daktari wangu, mama asiyezungusha maneno, aliniambia mwezi wa kwanza: "Mzee Verner, maua ya tulipu utayaona. Viazi vya mwaka huu mwachie mwingine apande." Kabla ya hapo ninataka jambo moja tu: kulibomoa kwa mkono wangu banda la matofali la kufulia nguo lililo nyuma ya nyumba yangu. Lina mita tatu kwa nne. Nyundo ninayo. Ofisi yako imenikatalia, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Banda langu halipo. Nililijenga mwaka 1973 bila kibali. Nakiri na sijitetei. Nilipokuja kuomba kulibomoa, ofisa wako Bi Signe Harboe aliangalia ramani yake, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa upole: "Mzee wangu, kwetu hapa pana nyasi. Siwezi kukupa kibali cha kubomoa nyasi." Nikamuuliza tufanyeje basi. "Omba kwanza kibali cha kujenga. Likishakuwepo, ndipo tuzungumze habari ya kuliondoa." Nikaomba. Fomu ikauliza ujenzi utaanza lini. Kwa kuwa mimi si mtu wa kuandika uongo kwenye fomu, nikajaza 1973. Ikarudishwa: tarehe imepita. Dorte akachukua kompyuta akaandika kesho, ikakubaliwa kabla chai haijapoa. Hivyo kwa mujibu wa kumbukumbu zenu, mzee asiyeweza kufungua kopo la samaki bila msaada alijenga banda zima kati ya Jumanne na Jumatano. Nashukuru kwa sifa hiyo, lakini siistahili.

2. Popo. Banda lilipokwisha kuwepo, likahitaji kukaguliwa kama lina popo, maana popo wanalindwa na sheria. Alikuja kijana mstaarabu mwenye darubini na kiti cha kukunja, akakaa bustanini kwangu jioni mbili. Hakuona popo. Nilifurahi, kumbe nilifurahi mapema. Taarifa yake inasema popo "hawajaonekana bado", na kwamba ni haki yao kupewa nafasi hadi mwisho wa kiangazi, endapo watapenda kuhamia. Mheshimiwa, mimi nimelala mchana tangu Krismasi, macho yangu hayaoni vizuri, na sina mpango wa kuhama. Naomba ofisi yako iniingize kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa. Popo akipewa mpaka kiangazi wakati hata hajazaliwa, si vibaya na mimi nikapewa mpaka Mei.

3. Vumbi. Mpimaji wa sumu alikuja amevaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi unyayoni, kinyago usoni, kama mtu anayekwenda mwezini. Alikwangua rangi ya ukuta ambao marehemu mke wangu Inger aliuegemea kwa miaka thelathini akisubiri shuka zichemke. Mimi nilisimama kando yake na sandali zangu, nikimshikia mfuko. Dorte alipiga kelele kutoka jikoni: "Baba! Vaa hata barakoa!" Nikamjibu, "Haya mapafu namtunzia nani?" Mpimaji aliandika kwamba mwenye nyumba hakutoa ushirikiano. Nilimshikia mfuko!

Hapa niweke wazi jambo ambalo Bi Signe aliniuliza zaidi ya mara moja. "Mzee Verner, kwa nini usiwaachie wenye kazi? Wataangusha na kuzoa kabla ya chai ya saa nne." Ni kweli. Lakini matofali yale niliyachagua mimi, nikayasomba mimi, nikayapanga mimi, na nataka yashuke kwa mkono uleule. Dorte naye ana nia ya kuligeuza banda kuwa chumba cha kulala wajukuu, na ameshapima pa kuweka vitanda. Sitaki mtoto yeyote alale kati ya matofali yale. Sababu ninayo, na haihusu unyevu.

4. Mafunzo. Sheria yenu inasema atakayeshika nyundo lazima awe na cheti cha usalama wa ubomoaji. Mimi nilisimamia ubomoaji miaka thelathini na mmoja, lakini hilo halihesabiki, kwa sababu siku zile hapakuwa na cheti chenye nembo ya kubandika. Basi nikaenda, siku mbili, katika ukumbi wa chuo cha ufundi, na kigari changu cha kutembelea. Nilivishwa kofia ngumu, kisha buti zenye chuma puani, nzito kiasi kwamba baada ya kuvishwa sikuweza tena kunyanyua mguu. Kwa hiyo nilikuwa salama kweli, sikuweza kukaribia hatari yoyote. Tulitia saini mahudhurio mara tatu kwa siku, kana kwamba nitatoroka. Kuufikia mlango wa ukumbi ule kunanichukua robo saa.

Wenzangu walikuwa vijana wenye mikono kama magogo. Mmoja, Rasmus, alinibatiza Babu Nyundo. "Babu Nyundo," alisema mbele ya wote, "wewe ndiye utakayelibomoa banda au banda ndilo litakalokubomoa wewe?" Nikamwambia tutaona nani atamtangulia mwenzake. Alicheka mpaka akaniletea mkate wake wa mdalasini, alioununua kwa mama mwokaji wa pale chuoni. Sina malalamiko juu ya Rasmus. Juu ya chakula ninayo: maji ya chupa na karoti. Enzi zetu mafunzo ya usalama yalikuwa na soseji.

Malalamiko yangu makubwa ni juu ya picha iliyobandikwa ukutani. Inamwonyesha mtu aliyesimama chini ya dohani ndefu ya kiwanda inayoanguka, amekenua meno yote, na chini yake pameandikwa: USIWE MTU ALIYECHEKA. Mwalimu wetu Jannik, kijana mwenye sauti nzuri, aliisimulia habari yake muda mfupi kabla ya chakula. "Mwaka sabini na mbili, jamani, kiwanda cha matofali hapahapa kwetu. Huyu bwana alifundishwa, jina lake liko kwenye orodha, saini yake hii hapa. Filimbi tatu zikalia. Kila mtu akakimbia. Yeye? Akacheka, akapunga mkono! Sasa mtu wa namna hiyo utamsaidia nini?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jannik akaonyesha ukutani, kando ya picha, nakala ya orodha yenyewe kama mfano wa karatasi iliyojazwa vizuri.

Naona jambo hili halina adabu, hasa watu wanapojiandaa kula. Sikuumaliza ule mkate wa mdalasini.

5. Mtihani. Maswali yalikuwa ishirini. Kumi na tisa niliyajibu sawasawa, na mawili kati yake nilimsahihishia mwalimu. La kumi na nne sikulijibu. Linauliza: Filimbi tatu maana yake nini? Jannik alikuja akainama mezani kwangu. "Mzee, hili hata binti yangu wa chekechea analijua. Andika tu twende zetu." Nikamwambia kalamu imekauka. Akanipa yake. Nikamwambia na hiyo pia. Nilikaa na karatasi ile dakika arobaini, hadi Rasmus akaja kunisaidia kuvaa koti.

Kwa swali hilo moja nimeambiwa nimeshindwa, na nirudie mafunzo mwezi wa Septemba. Septemba, Mheshimiwa! Kanisani nilipewa kipaimara nikiwa sijui hata nusu ya niliyoulizwa, na hakuna aliyeniambia nirudi vuli. Jibu lisilokuwepo si jibu baya. Na kama ofisi yako inaweza kuamini kwamba banda lisilokuwepo lipo, haishindwi kuamini kwamba jibu langu nalo lipo.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, banda langu lirudishwe kuwa nyasi, nami niruhusiwe kuzifyeka kwa nyundo. Pili, watu wenye zaidi ya miaka themanini na mitano wasamehewe mafunzo ya usalama, kwa kuwa hakuna ukuta unaoweza kuwapunguzia kitu cha maana. Tatu, picha ile iondolewe. Nne, swali la 14 lifutwe kabisa katika mtihani, kwa watu wote, maana linamsumbua mtu bila faida na jibu lake kila mmoja analijua.

Nisalimie Bi Signe, ambaye hakunipandishia sauti hata siku moja. Msalimie kijana wa popo, na popo wenyewe wakifika. Msalimie mpimaji na umwambie mapafu yangu hayamdai kitu. Salamu kwa Jannik, kwa Rasmus, na kwa mama anayeoka mikate ya mdalasini pale chuoni. Mwambie haikuwa kosa la mkate.

Wako katika utii uliobakia,

Verner Tolstrup, mhandisi

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia saini, lakini Dorte bado anajaza tairi upepo na kalamu haijakauka. Ukweli ni kwamba haikukauka hata siku ile.

Nimeandika juu kwamba mimi si mtu wa kuandika uongo kwenye fomu. Niliwahi kuandika mmoja.

Unaijua desturi yetu: mbao za paa zikisimama, mwenye nyumba huwapa mafundi soseji na bia. Kikosi changu kilikuwa na mchezo wa kufanya vivyo hivyo hata kwa jengo linalokwenda kuanguka. Ijumaa ile ya mwaka sabini na mbili, chini ya dohani tuliyokwenda kuiangusha, sheria ilitaka niwape watu tisa mafunzo ya saa mbili: wasimame wapi, wakimbilie wapi, filimbi zina maana gani. Saa mbili zile tulikula na kunywa. Mmoja tu ndiye aliyeuliza. Aliitwa Evald Munkholm, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa kazini wiki ya pili. Wengine walikuwa wazoefu, hawakuhitaji kuambiwa. Alisema, "Bwana mhandisi, hivi filimbi tatu maana yake nini?" Nami, chupa mkononi, watu wananitazama, nikamjibu, "Maana yake bia imekwisha." Walicheka sana. Na yeye alicheka. Sikurudi kumpa jibu lenyewe.

Aliondoka kuwahi basi kabla orodha haijapita, basi jina lake nikaliandika mimi. Ile E ambayo Jannik anaisifu ukutani ni E yangu. Ilinganishe na hii barua.

Jumatatu saa nne asubuhi dohani iliinama upande ambao hatukuutarajia. Filimbi nilipuliza mimi, mara tatu. Evald akageuka, akaniona, akacheka, akanipungia mkono. Alidhani ninamtania tena.

Wachunguzi waliikuta karatasi iko sawa. Mama yake aliandikiwa kwamba kijana wake alifundishwa ila hakusikiliza. Aliishi na barua hiyo miaka thelathini na mmoja, mtaa wa tatu kutoka kwangu, na kila tulipokutana dukani yeye ndiye aliyeniomba radhi kwa usumbufu ambao mwanawe alinisababishia. Nilipokea radhi hiyo. Matofali ya dohani yaligawiwa kwa aliyeyataka, nami nikayataka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa habari ya picha. Usinipe kibali. Usimsamehe mtu mafunzo, awe na umri gani. Saini tatu kwa siku ni chache. Ziwe nne, na kila mtu aandike jina lake mwenyewe huku mwingine akimtazama. Swali la 14 lisifutwe, liwe la kwanza. Banda lishushwe na watu waliofaulu, kabla Dorte hajaingiza vitanda. Na pale ukutani andikeni Evald Munkholm, aliyeuliza.

Bahasha sikuifunga. Nimemwambia Dorte aisome barua hii kabla ya kuondoka, na kama bado ana nguvu ya kuendesha baiskeli baada ya hapo, ailete.

Mtihani wangu naomba mwalimu aujazie, halafu aniache palepale kwenye walioshindwa:

Swali la 14. Filimbi tatu maana yake nini?

Jibu: Tupa ulichoshika, kimbia, usigeuke nyuma. Si mzaha, Evald. Kimbia.