Kidonda Kilichopona Bila Idhini ya Mwenyewe

Kwa Mkurugenzi,
Maabara ya Jeli za Vidonda.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo lalamiko langu.

Nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na minane. Kwa miaka sita nimekuwa na kidonda nyuma ya kifundo cha mguu wa kushoto, nacho hakikuwa na ugomvi na mtu. Wiki tisa zilizopita zahanati ilinipa jeli yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yenu inasema kwamba jeli imetengenezwa kwa mwani, maganda ya kamba na chembe ndogo mno za fedha. Kamba yupi, wa majini? Au kamba ipi, ya kufungia mizigo? Na fedha gani? Jirani yangu, fundi viatu, aliisoma karatasi hiyo kwa sauti kibarazani pake. Kesho yake shemeji yangu, ambaye sikuwa nimemwona tangu tumzike dada yake, alifika na kijiko, akaniomba nimkwangulie fedha kidogo tu ya mguuni.

2. Mmeandika "vijidudu vinavyokufa". Hapana. Kiumbe hai hupatanishwa kwa a-wa: vijidudu wanaokufa. Mmewanyima uhai kwenye sarufi kabla ya kuwaua kwenye mguu.

3. Kuhusu mauaji yenyewe. Vidonge vyote vya awali, vijidudu hawa walivizoea kama darasa linavyomzoea mwalimu mpole. Tuliishi. Muuguzi wa zahanati amenieleza kwamba jeli yenu hushika maji ili kidonda kisikauke, huku fedha ikitoka kidogokidogo na kuwatoboa ngozi mmoja mmoja. Wapangaji wa miaka sita, na hawakupewa hata ilani!

4. Jumanne muuguzi huyohuyo alisema, "Babu, mguu huu sasa ni wa kuchezea mpira. Nenda, usirudi!" Kisha akaandika kwenye kadi yangu, kwa wino mwekundu: KIMEPONA. Kadi nimeificha chini ya godoro.

5. Nafika kwenye kiini. Binti yangu hukata vitambaa katika kiwanda cha mashati. Kabla ya kidonda alikuwa akinipigia simu huku anatembea: "Nina haraka, baba, nitakuja." Kidonda kilipoanza kutoa harufu, akaanza kuja kila Jumamosi. Huketi kwenye mkeka, huuweka mguu wangu mapajani mwake, huusafisha, huufunga. "Mguu wako unanuka kuliko maneno yako, mzee," husema. Mimi humsahihisha lugha, yeye hunisahihisha chumvi ya mchuzi. Hukaa saa tatu nzima. Nimeisoma karatasi yenu mara nne. Chini ya "Madhara" mmeandika mwasho na wekundu. Jumamosi haimo.

Kwa hiyo naomba: mosi, cheti chenye mhuri kinachothibitisha kwamba kidonda changu bado ki wazi, kwa muda usiojulikana, pili, jeli nyingine isiyo na fedha wala nguvu, tatu, ikiwezekana, nirudishiwe nusu ya vijidudu wangu, hasa wale wapole. Nahitaji majibu kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo bandeji itafunguliwa na mguu utanisaliti.

Nisalimie wote hapo maabarani: wanaopima, wanaokoroga, na huyo aliyeandika karatasi. Mwambie nimemsamehe yote isipokuwa namba 2.

Wako katika uzima nisiouomba,
Mwalimu mstaafu wa sarufi

Tanbihi: Barua imechelewa kwa kukosa stempu, na leo ni Jumamosi. Binti yangu amekuja. Amefungua bandeji, akautazama mguu kwa muda mrefu, akabonyeza kwa kidole pale palipokuwa na kidonda. Kisha akachota jeli, akaipaka juu ya ngozi nzima, akafunga bandeji mpya. "Bado, baba," akasema. "Wiki ijayo tena." Hilo ni kosa la wazi, nami sikumsahihisha. Malalamiko yote nayafuta. Tafadhali nileteeni kopo jingine la jeli ileile, kubwa. Hili limekwisha leo.