Bwana Harusi Kutoka Langoni

Ijumaa, 1 Februari 1957

Tumeingia fainali! Mkomani moja, Shela sifuri. Watu wa Shela wanadai mpira ulipita juu ya kamba. Magoli yetu hayana mti wa juu, yana kamba tu, na upepo wa kaskazi ukivuma kamba hupanda na kushuka itakavyo. Mimi nilisimama nyuma ya goli lenyewe. Mpira ulipita chini. Ni kweli wakati ule nilikuwa nimefumba macho naomba dua, lakini niliusikia.

Refa alikubali bao. Bwana Kamaludin, fundi wa mashua kutoka Matondoni. Mtu mwadilifu! Mwenye macho makali!

Langoni, mtaa wa pili wa mji wetu, nao wamepita. Mabao manne, yote ya Fadhil, nahodha wao. Hapo ndipo furaha ilipoingia mchanga. Walichukua kikombe mwaka juzi, wakachukua mwaka jana. Wakichukua na mwaka huu ni chao daima, hakishindaniwi tena. Ndiyo sheria. Na katibu wa timu ya Mkomani ni mimi. Watoto wa watoto watauliza kikombe kilipotea zamani za nani, na wataambiwa zamani za Abdulqadir mshona kofia.

Jumapili, 3 Februari

Barazani asubuhi, nashona kofia. Badawi akaja kukaa, muuza manukato, Mkomani mwenzangu, na hakuna adui anayenichosha kama yeye. Anautaka ukatibu wangu. Akaanza kumsifu Fadhil mbele za watu. Nikamwambia Fadhil ana mguu mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ni wa kutembelea. Nikasema nimeshamwagiza golikipa wetu asimame upande wa kulia tu, upande wa pili hata ukuta wa makuti hauhitajiki. Nikasema pia Shekhan wetu ni mchezaji bora kisiwa kizima. Badawi akasema Shekhan ni bora mpaka anyimwe pasi, hapo hununa kama mke wa pili.

Tukahamia kwenye refa. Nikasema mwaka jana tulidhulumiwa penalti na refa kipofu. Badawi akauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama nakumbuka refa wa mwaka jana alikuwa nani. Alikuwa Kamaludin. Nikajibu kwamba macho hupona. Baraza zima likacheka. Nikajidunga sindano.

Jumanne, 5 Februari

Nimepata! Nimepata!

Mwaka jana Fadhil alimposa dada yangu Alawiya. Tangu baba afariki mimi ndiye walii wake, wa kumwoza, nikakataa. Mume huhamia kwa mkewe, na mimi sitaki mtu wa Langoni apige miayo nyumbani kwetu. Leo natoboa vitundu vya kofia kwa sindano, wazo likanijia. Bwana harusi hukaa fungate. Siku saba ndani kwa mkewe, hatoki, analishwa na kupumzishwa. Fainali ni Ijumaa ya tarehe 15. Akioa Alhamisi ya tarehe 14, je?

Nilicheka peke yangu barabarani hadi punda wa watu akasimama kunitazama.

Nikamwendea mama. Mama akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa. Alawiya hakuuliza kitu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, jambo ambalo kwa msichana wa Mkomani si adabu.

Jumamosi, 9 Februari

Watu wa Fadhil walikuja wakaomba ndoa iwe baada ya fainali. Nikawaambia tarehe 14 ama basi. Wazee wao wakanong'onezana, wakaenda kumuuliza mwenyewe. Jibu likarudi kabla kahawa haijapoa: tarehe 14.

Mjinga! Kaacha kikombe kwa ajili ya mke. Nimemdharau sana. Kisha nikafikiri kwamba mimi sijawahi kutaka mtu kiasi hicho, nikahuzunika kidogo, nikala halwa.

Alhamisi, 14 Februari

Ndoa imefungwa baada ya Alasiri. Fadhil yumo ndani! Mlango umefungwa! Nilitaka kuupiga komeo mimi mwenyewe.

Lakini mimi nikianza hekima sijui kuiacha. Nilimwalika refa. Nilitaka ale biriani yetu leo, kesho aikumbuke akiwa na firimbi mdomoni. Bwana Kamaludin alikula. Akaongezewa, akala. Akaongezewa tena. Akanawa mikono, akashukuru, akauliza fainali itachezwaje kesho.

"Waungwana," akasema, "bwana harusi hatolewi fungateni kwa ajili ya mpira. Na fainali haitezwi bila nahodha. Tungojeni Ijumaa ya pili."

Ningesema nini? Kwamba shemeji yangu, ambaye wali wa harusi yake bado uko kwenye meno yangu, aachwe nyuma? Wa kwanza kuunga mkono alikuwa nani? Badawi. Akasema Mkomani ni watu wa heshima, na bila shaka katibu ataona hivyo hivyo. Wote wakanigeukia.

Nikasema ni haki kabisa. Fainali ni tarehe 22.

Jumapili, 17 Februari

Sijashindwa. Atoke Fadhil, lakini atoke mnene!

Nimewaagiza jikoni: supu ya njiwa asubuhi, kuku wa kupaka mchana, mikate ya samli, halwa kila akigeuka. Mama anasema hajawahi kumwona kaka wa bibi harusi mwenye moyo mweupe kama wangu, na machozi yakamlenga. Sahani zinarudi tupu. Vizuri! Kutwa nasikia kutoka kiwandani, ule uwazi ulio katikati ya nyumba, du, du, du. Wanatwanga. Watwange!

Jumatano, 20 Februari

Hawatwangi.

Leo nilipanda darini kuanika kofia, nikachungulia kiwandani. Fadhil ameinua msuli wake wa kiunoni hadi magotini. Alawiya anamrushia mpira, yeye anaupiga ukutani. Kwa mguu wa kushoto! Wa kulia umefungwa leso, ile leso nyekundu niliyomnunulia Alawiya mimi mwenyewe, ili asisahau na kuutumia. Akikosa, dada yangu anamkaripia. Akipata, anacheka, na Alawiya akicheka anafanana na baba. Kunenepa hakunenepa. Amekuwa na mapaja.

Alawiya alipopita ngazini nilimzuia. Nikamwambia yeye ni binti wa Mkomani, anafanya nini?

Akanijibu taratibu: "Kaka, weye umenioza ili Fadhil asiteze. Nalijua tangu siku ile. Mimi nimeolewa kwa kuwa namtaka. Basi niatia mume wangu, usimwingilie."

Niliona haya. Nilikaa darini na haya zangu mpaka adhuhuri, kisha harufu ya kuku ikapanda, nikashuka.

Sasa shida ndiyo hii. Yanipasa nimwambie golikipa wetu alinde pande zote mbili. Lakini nikimwambia, baraza litajua mguu wa kushoto upo, na Badawi atacheka mpaka Ramadhani. Nimefikiri sana. Sitasema. Huenda mguu ukasahau.

Ijumaa, 22 Februari

Mguu haukusahau.

Mji mzima ulikuwa kiwanjani. Shekhan akatangulia kufunga, nikambusu mtu nisiyemjua. Fadhil akasawazisha kwa kulia, bao la kawaida, nikasema wallahi si kitu. Kisha akapata mpira mbele ya goli. Golikipa wetu, kijana mtiifu, akasimama upande wa kulia kama nilivyomwagiza. Fadhil akaupitisha kwa kushoto, polepole, mahali pale niliposema hapahitaji ukuta.

Badawi akanigeukia. Alinitazama tu.

Karibu na mwisho mpira ukamgonga beki wao mkononi. Langoni wakapiga kelele kwamba ni bega. Bwana Kamaludin akatoa penalti. Kwetu! Nikapiga takbiri. Shekhan akaweka mpira, akarudi nyuma, akaupiga juu ya kamba, ukampata punda aliyekuwa akila majani nyuma ya goli. Nikakimbia ndani ya kiwanja. Nikamweleza refa kwamba kamba ilishushwa na upepo. Akaniuliza upepo gani. Kamba ilikuwa imetulia tuli, na bendera nazo, na kanzu zetu sote. Akaniambia niondoke kabla hajaninyima hata njia ya kurudia nyumbani.

Mbili kwa moja. Kikombe ni cha Langoni daima.

Nililia. Nilisema ni vumbi, lakini nililia, na aliyenipa kitambaa ni Fadhil.

Jumamosi, 23 Februari

Nahodha ndiye mlinzi wa kikombe. Nahodha anakaa kwetu. Kwa hiyo nimeamka nimekikuta kwenye zidaka la ukutani sebuleni, kati ya sahani za mama, kinang'aa. Nilikikaribia. Nikakifuta kidogo. Kisha nikaenda barazani nikatangaza kwamba mwisho wa yote kikombe kiko Mkomani, na aliyekileta ni mimi. Badawi akauliza kimeandikwa jina la nani. Huyu mtu hana shukrani.

Matajiri wameahidi kikombe kipya mwakani. Nimekaa nikatafuta kosa langu, nikaona kwamba sikukosea ila mtu. Nilimwoza mfungaji, kumbe wa kuozwa ni mlindaji! Golikipa wa Langoni, Obeid, ni kapera. Na binamu yetu Twahira, anayekaa ghorofa ya juu, ameshamwulizia mara kadhaa. Ndoa itakuwa Alhamisi ya kuamkia fainali.

Jioni nilimwita Obeid nikamgusia. Akakubali pale pale. Sharti lake moja: shemeji Fadhil awe naye humo humo ndani fungate nzima, asije akawa mpweke. Nimemwahidi atakuwa naye kutwa kucha. Kijana mpole kabisa, huyu hatatusumbua.