Kila Saa Nane

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mzee Byabato amerudi dukani na bahasha tupu. Dawa kaimaliza, lakini sivyo alivyopaswa kuimeza! Tulimwandikia 1×3 kama tunavyowaandikia wote. Anasema shuleni alifundishwa moja mara tatu ni tatu, basi kila asubuhi alimeza tatu kwa mkupuo, ili mchana awe huru kibanjani, kwenye migomba yake. Bi Evodia, mwenye duka, ameshika kichwa. Aliyeandika ni Mwesiga, muuzaji mwenzangu. Furaha yangu! Nimeinama chini ya meza kutafuta kalamu niliyokuwa nimeishika.

Bi Evodia ametuonya sote wawili, eti sote. Kuanzia leo hakuna kuandika hesabu kwenye bahasha. Tuandike maneno, na tumweleze mtu mpaka ayarudie kwa mdomo wake. Mpaka ayarudie! Siku ya gulio hapa Nshamba foleni si itafika barabarani?

Nimekaa nikafikiri. Siku ina saa ishirini na nne. Gawanya kwa tatu. Nane! Basi: "Kidonge 1 kila saa nane." Maneno yanajieleza yenyewe, hakuna haja ya kurudiarudia kama watoto wa chekechea. Nimeandika rundo zima la bahasha kabla ya kufunga. Mwesiga ameniuliza kama nina hakika. Wivu huo. Mimi ni Rutashobya, na Mhaya yeyote atakwambia maana yake: asiyekosea.

Jumanne, 4 Juni

Mungu ananipenda. Nani ameingia dukani? Mama yake Dativa! Dativa ni fundi cherehani wa pale juu sokoni, na nitamuoa, ingawa bado hajaambiwa. Baba yake alishafariki. Mwenye neno ni mama.

Amejikata mguu kwa jembe. Ana cheti cha daktari: vidonge vya rangi mbili, kutwa mara tatu. Mwesiga akawa wa kwanza kunyanyuka, nikampita kwa kiwiko. Nikahesabu vidonge, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Mama akaisoma taratibu. Akauliza kwa adabu ya Kihaya, kila saa nane, waitu? Nikamjibu ndiyo Mama, kila saa nane, usiikose hata moja. Aliniangalia kwa heshima sana. Mwesiga akataka kumwambia arudie maelezo. Nikamwambia Mwesiga huyu si mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nimekwenda kumjulia hali mgonjwa. Shati jipya. Nimepikiwa ndizi na maharage, dalili njema kabisa. Nyumba nzima ina kijiko kimoja, kile kikubwa cha kupakulia. Vijiko vidogo Mama aliviazimisha msibani na havijarudi. Chai yangu alinitilia sukari kijiko kimoja, hichohicho. Nikanywa yote. Mapenzi ni kazi.

Mguu ameufunika kwa kitenge. Dativa anasema umevimba na una joto. Nimeuliza kama dawa anameza. Mama akasema anameza sana, hajakosa hata mara moja, hata usiku anaamka. Nikamsifu mbele ya binti yake. Dativa akauliza mbona vidonge vimebaki vingi. Nikamwambia dawa nzuri haiishi haraka.

Sijui kwa nini nilisema vile. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikijiuliza.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Dativa amemleta mama yake kwa bodaboda. Mama hawezi kukanyaga. Bi Evodia akamkalisha, akamuuliza kwa upole anamezaje. Mama akaeleza bila wasiwasi: saa nane mchana kimoja, saa nane usiku kimoja. Maana siku ina saa nane mbili, na kijana alisema asikose hata moja.

Bi Evodia akasoma bahasha. Akanitazama. Akamwita bodaboda arudi, Dativa na mama yake wakapelekwa hospitali ya Rubya.

Mwesiga hakucheka. Bora angecheka!

Nimeirudia hesabu yangu mara nyingi. Ishirini na nne kwa tatu ni nane, hapo sijakosea. Lakini nane yangu ni urefu wa muda, nane yake iko kwenye saa ya ukutani. "Kila baada ya saa nane" ndivyo ilivyotakiwa. Maneno mawili tu, "baada ya", niliyaacha ili niandike haraka. Namfikiria mama wa watu gizani, na mguu ule, anapapasa tochi, anaangalia saa, anasubiri ifike nane. Kwa sababu ya mwandiko wangu. Amenitii kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitii. Nimeingia chooni nikalia. Akikatwa mguu, nitamtazamaje?

Ijumaa, 14 Juni

Mguu umepona! Haujapona, lakini utapona. Daktari ameusafisha, uvimbe umeshuka. Bi Evodia amechoma bahasha zangu zote na kuniambia nikimkosea mgonjwa mmoja tena, nirudi kwetu Kashozi nikalime. Sawa. Nimeapa. Namba na saa sitaki hata kuzisikia.

Leo Bi Evodia yuko Bukoba kuchukua dawa. Mchana wameingia Mama na Dativa, Mama kwa fimbo. Nilitaka ardhi inimeze. Mama akasema nisihuzunike, yeye ndiye hakuelewa, yeye ni mzee. Hapo niliumia kuliko siku ile ya Rubya. Dativa safari hii alinisalimia.

Mama ana kikohozi. Cheti kinasema dawa ya maji, mililita tano, asubuhi, mchana na usiku. Mwesiga akaninong'oneza nimpe kile kikombe kidogo cha plastiki na kumwonyesha mstari. Mililita! Si ndiyo hizi namba zinazoponza watu? Na kikombe kile ni kama cha kuchezea watoto, utampaje mkwe?

Nimeandika kwa herufi kubwa: KIJIKO KIMOJA ASUBUHI, KIMOJA MCHANA, KIMOJA USIKU. Hakuna namba, hakuna saa. Nikamwambia Mama atumie kijiko chake mwenyewe cha nyumbani, alichokizoea. Amefurahi kweli. Akasema kijiko anacho.

Kijiko! Nani anaweza kukosea kijiko? Nimemrudishia Mwesiga kikombe chake. Jumapili nakwenda kula ndizi.