Vidonge vya Kumbukumbu na Jiwe la Mpaka

Leo nimejiumbua. Hakuna aliyenisingizia, hakuna aliyenilewesha. Mdomo ni wangu mwenyewe.

Wengi humu mnanijua. Mimi ni Mzee Otmar, darasa la pili sikumaliza, lakini mibuni yote mnayoiona mteremkoni nimeipanda kwa mikono hii, na nyumba ya bati nimeijenga bila kumpigia mtu magoti. Daftari sina. Kila kitu kiko kichwani. Sasa mwaka huu kichwa kimeanza kuvuja. Majuzi nilimwita mke wangu kwa jina la mbuzi. (Mbuzi aliitika.)

Na kesi ilikuwa inakuja. Gaudensia, mjane wa jirani yangu Egno, alilalamika kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba nimekalia mistari mitatu ya kahawa yake. Kwetu ugomvi wa mpaka hauishii ofisini. Mzee unatembea mpakani, watu wanakufuata nyuma, unasema nani alipanda nini na jiwe liliwekwa wapi. Ukikwama, watu wanaguna. Wakiguna, shamba limekwenda, na heshima inalifuata.

Basi nikashuka sokoni Lituhi kununua dagaa, nikamkuta muuza dawa na spika yake. Dawa ya ubongo, anasema, inarudisha kumbukumbu zote. Nikachukua kopo la vidonge thelathini.

"Kimoja tu kwa siku, mzee," akasema.

Nikamwitikia. Lakini mimi ni mkulima. Mbuni mchanga unaupa mbolea kiganja kimoja, mbuni mzee uliochoka unaupa viganja vitatu. Kichwa changu kina miaka sabini na nne. Kuanzia juzi nikawa nameza vitatu asubuhi, vitatu jioni.

Nisiwadanganye, vilifanya kazi. Siku ya kwanza nilikumbuka majina ya wote tuliopata nao komunyo ya kwanza, benchi kwa benchi. Siku ya pili nikaanza kusikia sauti zao. Hapo ningepaswa kuacha, maana wengi wao tumeshawazika. Usingizi ukakata. Moyo ukawa unatwanga kama mchi kinuni. Winfrida, binti wa mdogo wangu, nesi wa zahanati, alinishika mkono jana.

"Baba mkubwa, moyo wako unakimbia hivi, unakwenda wapi?"

"Unakwenda kwenye kesi," nikamjibu. Vidonge sikumtajia.

Leo saa tatu asubuhi tukakutana shambani. Ukungu ulikuwa umelala hadi magotini, watu wanaonekana kama wamekatwa miguu. Nikameza vitatu vyangu, nikatangulia. Na nilisema vizuri, jamani. Mbuni huu niliupanda mwaka mtoto wangu wa kwanza anaota meno. Ule ulikufa kwa ugonjwa, nikarudishia. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Nikajiona nimeshinda.

Kisha nikasikia jembe. Chini kule, ndani ya ukungu. Moja, kimya, moja, kimya.

"Nani analima na kesi inaendelea?" nikauliza.

"Hakuna anayelima, mzee," mwenyekiti akasema. "Wote tuko hapa."

Jembe likaendelea. Nikalifuata, watu nao wakanifuata. Ndipo nikamwona Egno. Amekunja suruali magotini, kijana wa miaka thelathini, hana hata mvi. Hakunitisha kwa kufufuka kwake. Alinitisha kwa jinsi alivyoniangalia, kama mtu aliyesubiri siku nyingi na hana haraka.

"Unataka nini, Egno?" nikamwuliza.

Gaudensia akasogea, akaniuliza polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa.

"Shemeji, unaongea na nani?"

"Na mumeo."

Mama huyu ni mgumu. Hakulia, hakukimbia. "Anasemaje?"

"Anasema chimbeni hapa aliposimama."

Ni lazima niwaeleze. Wazee wetu wakiweka jiwe la mpaka, hufukia mkaa chini yake, kwa sababu mkaa hauozi. Jiwe linaweza kutembea, mkaa hautembei. Vijana wakachimba. (Mimi nimesimama kifua mbele, najivunia kumbukumbu.) Kufika kwenye kiwiko, mkaa ukatokea, mweusi, mkavu. Na hapo palikuwa katikati ya kahawa yangu. Hatua sita ndani.

"Na jiwe lilifikaje kule lilipo?" mwenyekiti akauliza.

Mtu mwenye akili angekohoa. Mimi nilikuwa namwona yule aliyelibeba, wazi kuliko ninavyowaona ninyi.

"Kuna kijana analing'oa," nikasema. "Anahema. Anageuka kutazama kama Egno amerudi kutoka hospitali. Analisukuma kwa goti."

"Kijana gani, mzee?"

"Mimi."

Naapa nilikuwa nimesahau. Miaka yote nilitetea mpaka ule nikiamini ni wa haki. Egno akaweka jembe begani, akaingia kwenye ukungu bila kuniaga.

Mistari mitatu imerudi kwa Gaudensia. Watu hawakuguna hata kidogo, na afadhali wangeguna. Winfrida amenipima presha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini kipimo. Hapo nikamtolea kopo mbele ya watu wote, akaligeuzageuza, halina hata jina la kiwanda.

"Dawa za kumbukumbu zipo za kweli, baba mkubwa," akasema, "daktari anakupa akishakupima. Hizi zimekukosesha usingizi siku mbili. Usipolala utamwona yeyote."

Labda. Lakini mkaa ule wameuona watu wote.

Jioni hii Gaudensia amepita kwangu. Nilidhani anakuja kunisamehe.

"Shemeji, vile vidonge vilivyobaki usivitupe," akasema. "Bado hatujatembea mpaka wa upande wa mtoni."

Vilibaki kumi na tano. Nimevitumbukiza chooni vyote. Upande wa mtoni sikumbuki kitu, na anayenipenda asinikumbushe.