Filimbi Nyuma ya Ua

Jumatatu, 10 Juni 1974

Nimeamua. Nitajifunza filimbi! Nina miaka arobaini na moja, vidole vyangu vimezoea sindano na mkasi, na sijapata kupuliza chochote maishani isipokuwa moto wa jiko. Haidhuru. Wiki mbili zinatosha.

Sababu naiandika humu tu. Mdogo wangu Nassibu alifariki mwezi Machi huko Makambako, kwenye kambi ya wajenzi wa Reli ya Uhuru. Homa, siku nne. Wakamzika hukohuko. Karatasi ya simu ya upepo yenye habari hiyo ililetwa kwangu, hapa Gongoni, kwenye baraza ninaposhonea. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Mama alikuwa hoi kitandani wiki ile. Nikasema ngoja apate nafuu nimwambie. Akapata nafuu. Nikasema ngoja aizoee nafuu yenyewe. Mwezi Mei kikaja kifurushi: mashati mawili, msahafu mdogo, na filimbi yake ya bati. Nikavificha chini ya vipande vya vitambaa. Sasa ni Juni na Mama amerudi kitandani.

Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, ila masikio yake yanaweza kumsikia sisimizi akikohoa. Kila siku anauliza kama Nassibu ameandika. Nimeshamsomea barua nne nilizotunga mwenyewe. Jana akasema barua za Nassibu siku hizi zina porojo kama zangu. Akasema hataki barua tena. Anataka kuisikia filimbi nyuma ya ua, mara moja tu, kama Nassibu alivyokuwa akiipuliza akirudi nyumbani ili afunguliwe mlango.

Basi ataisikia. Nitapuliza nyuma ya ua, nizunguke mlango wa mbele, niseme Nassibu alipita mbio akiwahi treni ya Kigoma. Mpango safi kabisa.

Mke wangu Kuluthumu anajua yote na hapendi hata moja. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba nami siendi mbali, naenda nyuma ya ua tu.

Alhamisi, 13 Juni

Filimbi ina matundu sita. Mimi nina vidole kumi. Mtu angedhani vitabaki. Havitoshi! Ukiziba la kwanza, la tatu linavuja. Ukiliziba la tatu, kidole cha kwanza kimeshahama. Nikipuliza taratibu hakitoki kitu. Nikizidisha, inatoka sauti ya kutoboa jino.

Nilijifungia chumbani na kujifunika blanketi. Mbuzi wa jirani akaitikia. Mama akauliza kutoka chumbani kwake ni nani anayemchinja paka mchana huu. Nikasema cherehani inadai mafuta.

Wimbo wenyewe mfupi. Nassibu aliutunga mwenyewe akiwa darasa la nne. Sauti saba, na ya tano inaruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Watoto wote wa mtaa waliujua. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa nikimkemea anyamaze.

Jumamosi, 15 Juni

Aibu. Nimemwomba Shaban anifundishe.

Shaban na mimi tunashonea baraza moja, cherehani mbili, miaka tisa, na hatujapata kusifiana hata tundu la kifungo. Yeye anapiga filimbi kwenye bendi ya vijana wa TANU, ingawa ana miaka thelathini na sita na upara. Alikua na Nassibu, wimbo anaujua. Sharti lake: nimpishe kona ya baraza, ile inayotazamana na watu watokao sokoni. Kona yangu! Nikahamisha cherehani yangu mpaka kwenye mfereji wa maji machafu.

Somo la kwanza. Amesema nisizibe kwa ncha ya kidole, nizibe kwa nyama yake. Amesema nisiishike kama nyundo. Amesema mabega yashuke, ulimi uguse kidogo tu, kama unasema "tu, tu". Nikasema "tu, tu" asubuhi nzima. Mteja mmoja akaondoka.

Kisha akauliza kwa nini nisingoje Nassibu mwenyewe arudi anifundishe. Nikainama kutafuta sindano sakafuni. Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Shaban aliiona. Hakuuliza tena, wala leo hakunicheka tena.

Jumatano, 19 Juni

Nyumbani siwezi kufanyia mazoezi, Mama anasikia. Nikachukua baiskeli mpaka njia ya Kwihara, kwenye mahame. Watu wa pale wamehamishiwa kijiji cha Ujamaa. Nyumba zimebaki wazi, milango imeng'olewa ikaenda na wenyewe. Nikakaa kwenye kizingiti cha mtu nisiyemjua, jivu la jiko lake bado liko pale, nikapuliza.

Akatokea mgambo na rungu, jina lake Mahona. Akauliza ninampa nani ishara. Nikasema najifunza muziki. Akataka ushahidi. Nikampigia wimbo wote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huu si muziki, kwa hiyo ni ishara. Twende ofisi ya Chama!

Akaniokoa bibi mmoja aliyekuwa akichuma mlenda kwenye shamba la nyuma. Bibi Veneranda. Alimwamkia Mahona kwa kilugha, mwangaluka, akamwambia hakuna adui duniani ambaye angemtuma mtu apulizaye hivi. Mahona akafikiri, akaona kweli, akaenda zake.

Kizingiti kilikuwa chake. Nikanyanyuka kwa haya, akanikalisha. Ameishi hapo miaka thelathini na mumewe amezikwa nyuma ya ghala. Kila Jumatano anakuja kwa miguu kutoka kijiji kipya kufagia uwanja. Nikamuuliza anafagia wa nini na hakuna anayelala hapo. Akasema mbona hakuna aliyemwambia asifagie.

Akasema pia kosa langu analiona: napuliza kama mtu anayewasha moto. "Puliza kama unampozea mtoto uji," akasema. Nikajaribu. Ikatoka sauti! Nyororo, ya kweli, ya Nassibu. Nikashtuka nikaidondosha.

Akauliza namjifunzia nani. Nikasema mama yangu. Akasema mama huyo ana bahati ya mtoto. Nikapanda baiskeli haraka.

Jumatatu, 24 Juni

Naweza! Mara tatu kati ya tano bila kosa. Nimempigia Shaban barazani kabla wateja hawajaja. Alifumba macho. Nilipomaliza akasema sauti ya tano bado inateleza, kisha akasema anakwenda kununua sigara. Shaban havuti sigara. Alirudi baada ya saa nzima, mikono mitupu.

Ijumaa, 28 Juni

Leo ndiyo leo.

Baada ya sala ya alasiri nikazunguka nyuma ya ua wa matete. Kuluthumu alikataa kunisaidia hata kuwafukuza kuku. Nikapooza uji wangu. Sauti saba. Ya tano ikaruka juu na kusimama hapohapo. Sijapata kupiga vizuri vile na sidhani kama nitapata tena.

Halafu nikasikia kitanda kinalia. Mama, ambaye wiki mbili hajasimama bila kushikwa, anatembea! Nikaona kwenye upenyo wa matete: anapapasa ukuta, kanga imemwanguka begani, uso umeelekea kwangu.

"Nassibu! Pita mwanangu, mlango uko wazi!"

Sikuwa nimelifikiria hili. Mpango wote, mazoezi yote, kona yangu yote, na sikufikiria kwamba akisikia ataita! Nikipita, mimi si Nassibu. Nisipopita, Nassibu hapiti. Nikajibanza kwenye banda la kuku la jirani. Mama akaita tena. Akaita mara saba au nane, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kuluthumu akamletea kigoda, hakukitaka. Alisimama pale mpaka adhana ya magharibi.

Ndipo nikaingia kwa mlango wa mbele, na manyoya ya kuku kichwani, nikasema niliyoyapanga. Treni ya Kigoma. Kazi za reli. Anakusalimu sana, Mama.

Mama akauliza kama alikuwa mzima. Nikasema mzima, amenenepa. Akauliza kama nilisikia ninaitwa, yaani yeye, Nassibu, kama alisikia anaitwa. Nikasema labda.

Akasema: "Amefika mpaka uani kwangu, akaona uzito kuingia."

Jumapili, 30 Juni

Mama hali chakula. Uji unarudi jikoni na utando juu. Kila anayekuja kumjulia hali anasimuliwa: mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili, mtoto niliyemvusha surua nimembeba mgongoni, amesimama nyuma ya matete akasikia naita, akaenda zake kuwahi treni. Wanawake wanasonya. Bi Zamda wa nyumba ya tatu alisema vijana wa siku hizi wameharibiwa na mishahara.

Nilijaribu kumtetea Nassibu. Nikasema kazi za serikali ni kali, Mama. Akanijibu kwamba hata askari wa Mjerumani walikuwa wakiingia kuwaamkia mama zao.

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Radhi zangu nimezichukua. Asije kunizika."

Kuluthumu alikuwa mlangoni na sufuria. Alinitazama. Hakusema kitu kuhusu njia wala urefu wake. Afadhali angesema.

Jumanne, 2 Julai

Sijalala. Nimewaza mipango mitatu. Wa kwanza: barua ya Nassibu ya kuomba msamaha. Wa pili: apite tena, apulize, safari hii niseme alikuwa amefungwa mdomo na daktari. Wa tatu sitauandika.

Shaban amenikuta nimeinamia cherehani bila kukanyaga. Akasema, "Kaka Abbasi, Nassibu amekufa, siyo?" Nikaitika kwa kichwa. Akaanza kuivuta cherehani yake kutoka kwenye kona, peke yake, mpaka kwenye mfereji, kisha akaivuta yangu akaiweka kwenye kona. Akasema mtu hawezi kuapizwa akiwa kaburini na watu wanatazama. Nenda, akasema. Funga kazi uende.

Sikwenda. Nilishona suruali ya mteja mpaka ikawa na miguu mitatu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwambia.

Niliingia na kifurushi nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno. Yakanipotea yote isipokuwa matatu: Mama, ni mimi. Akadhani namwamkia. Nikaitia filimbi mkononi mwake. Akaipapasa, akakuta pale mdomoni palipopondeka, alipoing'ata Nassibu alipokuwa akiota magego. Akaelewa kabla sijaendelea.

"Lini?"

"Machi, Mama."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nilikuwa mimi."

Hakulia. Alikaa muda mrefu akitembeza kidole kwenye matundu, moja moja, kama anayahesabu na jumla haikubali. Kisha akasema neno ambalo nitalisikia mpaka nife.

"Umenifanya nimwapize mwanangu na hana hata mdomo wa kuniomba msamaha."

Akaniambia ninyanyue mikono. Tukanyanyua wote wawili. Akamwambia Mungu kwamba yale maneno ya Jumapili ayatupe, yalisemwa na mwanamke asiyejua, radhi zote ni za Nassibu tangu siku alipozaliwa na hakuna hata punje iliyopungua. Alirudia mara tatu, kusudi isibaki shaka huko juu. Mara ya tatu sauti ikakatika, nami nikaimalizia.

Ndipo akalia. Mimi pia. Kuluthumu akaja akakaa katikati yetu.

Jumatatu, 8 Julai

Matanga yameisha. Miezi minne kwa kuchelewa, lakini watu walijaa mpaka barabarani, hata jana mji mzima ukiwa kwenye ngoma za Saba Saba. Bi Zamda alikuja amejifunika uso. Shaban aliiacha bendi yao iandamane bila yeye, akashinda hapa akipasua kuni. Kisomo kimesomwa. Ugali ulikuwa wa yanga, mahindi ya msaada, hakuna aliyelalamika.

Mama hakusema nami siku zote tatu. Leo asubuhi ameniita. Amesema hana tena umri wa kugombana na mtoto mmoja aliyebaki. Akanipa msahafu mdogo wa Nassibu mikononi, akaniapisha: sitamficha jambo tena, dogo wala kubwa, la furaha wala la msiba. Nikaapa. Machozi yalinidondoka mpaka kwenye jalada. Najiona mtu mpya. Tangu leo mimi ni ukweli mtupu!

Alhamisi, 18 Julai

Nimempeleka Mama hospitali kwa ajili ya pumzi, inamkatika akigeuka tu kitandani. Daktari alimpima sana. Akamwacha kwa muuguzi, akanivuta pembeni. Moyo umechoka. Hakuna cha kukata wala cha kushona. Mvua za Novemba hatazifikia. Nimrudishe nyumbani, apewe anachopenda.

Tulirudi kwa mkokoteni uliotandikwa godoro, mimi natembea ubavuni nimemshika mkono. Akauliza daktari amesemaje.

Nikasema gesi.

Akauliza gesi tu? Nikasema gesi tu, Mama, wazee wengi wanayo, kuna dawa nzuri sana, nitaifuata kesho.

Akanibonyeza mkono. "Alhamdulillahi," akasema. "Tangu uape nakuamini."

Kuluthumu sijamwambia, ataharibu. Nimeshaona chupa ya kahawia jikoni, ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Nitaiosha. Tangawizi, asali ya Sikonge, mdalasini kidogo ili iwe na ukali wa dawa. Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Mama haoni, lakini wageni wanaona, kwa hiyo lazima iwe na karatasi yenye mwandiko wa daktari. Huo hautanishinda. Nimeutazama leo kwa makini: sharti lake ni moja tu, usisomeke.