Nilivyomfundisha Dada Drili Akiwa Edani

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, Kinondoni nzima inanitazama. Naandika upesi kwenye daftari hili, mlipitishe dawati hadi dawati kabla Saidi hajawasimulia anavyojua yeye. (Saidi aliniona. Saidi huona kila kitu isipokuwa hesabu ubaoni.)

Chanzo ni mwalimu wetu wa drili. Mnakumbuka jana alivyotukimbiza uwanja mzima, kisha akasema, "Mwenye huzuni akimbie! Huzuni haina pumzi. Izungushe mara mbili, itakaa chini yenyewe." Nyie mlicheka. Mie nikamsadiki. (Ndiyo, mie. Nyamazeni.)

Nilikuwa na sababu. Dada yangu Zuhura yuko edani, kule Magomeni. Mumewe, Shemeji Athumani, yule tarishi mnene aliyenifundisha baiskeli, alichukuliwa na homa ya siku tatu. Huu mwezi wa pili. Dada hatoki, havai ila nyeupe, na hiyo ni sheria, sina neno. Lakini chakula hali. Kulia halii. Mama humpelekea bakuli la uji asubuhi, jioni hurudi nalo limejaa. Hata utani wangu haumwingii, na utani wangu mnaujua, umeshanipatia viboko vingapi!

Basi leo baada ya shule nikaenda kwake. Kwanza nikamtekea maji bombani. Kuingia uani, nikajikwaa, debe zima likanimwagikia. Kaptula chapachapa! Dada akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kaptula ya kaki.

"Vaa hii, yako ikauke."

Ilikuwa ya shemeji. Nguo zake zote zilishagawiwa. Hii moja dada aliificha chini ya godoro. Sasa, kwa kiuno cha shemeji na hiki changu, humo ndani tungeingia watu wawili na nafasi ya mgeni ikabaki. Nikaifunga kwa kamba ya katani.

"Dada, twende drili."

"Una wazimu? Mie nipo edani."

"Sijasema utoke. Hapa hapa uani. Si mchezo, ni dawa. Mwalimu kasema."

"Huyo mwalimu wako amefiwa na nani?"

(Nyie mngemjibu nini?)

"Mara moja tu, dada. Kwa ajili yangu."

Akasimama. Labda ili ninyamaze. Nikaanza kwa sauti ileile ya mwalimu, tumbo mbele: "Mikono juu! Chini! Ruka! Wewe mwenye nyeupe, unaruka kama gunia la mchele!" Akaruka. Taratibu, kisha si taratibu. Tukauzunguka mtungi mara mbili, kama ilivyoagizwa. Pumzi zikampanda. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Nikasema sasa, hapa hapa, niongeze kidogo tu!

Nikaruka juu, miguu mbalimbali.

Kamba ikakatika.

Kaptula ikashuka mpaka chini. Na mlangoni, jamani, amesimama mama mkwe wake, mama mzazi wa shemeji, na wanawake wawili nyuma yake. Walishabisha hodi mara tatu, nani angesikia? Mjane mikono juu. Mwalimu wa drili hana kaptula.

Nikavuta shati chini mpaka likalia. Na kwa kuwa nimelelewa, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Lakini hakuwa akinitazama mie.

Dada akacheka. Wallahi, alicheka kile kicheko chake cha zamani, mbele ya mkwewe, ndani ya eda!

"Lahaula!" akasema mmoja wa wale wanawake. "Mjane gani huyu?"

Hapo nikajua nimemponza. Kesho Magomeni yote itasema hakumpenda mumewe.

Mama mkwe akanijia. Aliinama miguuni pangu. "Inua mguu," akaniambia. Nikainua. "Na huu." Akaiokota ile kaptula, akaikung'uta mchanga, akaiweka usoni.

"Nilidhani zote zimekwenda," akasema.

Kicheko cha dada kikavunjika katikati, kikawa kilio. Kilio cha miezi miwili. Wakashikana wawili wale, chini mchangani, kaptula katikati yao.

"Lia, mwanangu," mama mkwe akawa anamwambia. "Lia. Nilikuwa nakungoja."

Na mie? Nyuma ya mtungi. Kaptula yangu imeanikwa ng'ambo ya ua, na kuifikia ni kuwaruka watu wanaolia. Yule wa Lahaula ndiye aliyenirushia kanga ya maua mekundu. "Jifunge, uende kwenu." Nikatoka mlango wa nyuma, nikakimbia Magomeni mpaka Kinondoni, kanga magotini, mbwa nyuma. Ndipo Saidi aliponiona.

Jioni hii mama karudi na bakuli. Tupu.

"Umemfanya nini dadako?"

"Drili," nikamwambia.

Mwalimu alisema huzuni haina pumzi. Yangu ilikimbia nami njia nzima, tukafika mlangoni pamoja.

Saidi atawaambia nilikuwa nalia. Lile lilikuwa jasho. Na atakayecheka, ndiye atakayeirudisha kanga.